Mhusika wa Gemu na Dhiki ya Jinsia: Somo kwa Watoa Huduma na Wagonjwa wa Njombe na Makambako

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtoa huduma wa zahanati, kituo cha afya au hospitali ataweza: kueleza maana ya disforia ya jinsia na kuitofautisha na hali nyingine zinazofanana nayo, kueleza kwa nini baadhi ya vijana huzungumzia mhusika wa gemu wanapotaka kuzungumzia nafsi zao, kumsikiliza mgonjwa wa namna hiyo bila kumdhuru, na kutambua dalili za hatari zinazotaka hatua ya haraka. Mgonjwa, kwa upande wake, atapata maelezo ya hali yake na njia salama za kuikabili.

Utangulizi

Vibanda vya gemu si vitu vigeni tena katika miji yetu. Vijana hukaa mbele ya runinga wakichuana kwa mpira wa miguu, wengine hucheza kwa simu zao wakiwa nyumbani, na wachache wenye kompyuta hujipatia gemu zenye hadithi ndefu, ambamo mchezaji huishi ndani ya mhusika mmoja kwa saa nyingi, mithili ya msomaji wa riwaya. Wazazi wengi huona hapo upotevu wa muda tu. Hofu hiyo ina msingi wake, nasi tutaigusa. Lakini katika chumba cha ushauri, hadithi ya gemu yaweza kuwa mlango wa kwanza anaoufungua kijana ambaye hajawahi kuieleza dhiki yake kwa mtu yeyote.

Somo hili lahusu dhiki ya aina moja: ile inayompata mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo haiwiani na jinsi aliyoandikiwa alipozaliwa. Watu wa namna hii wapo katika kila jamii, nao huja katika vituo vyetu kama wagonjwa wengine, wakiwa na malaria, shinikizo la damu, ujauzito, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Mara nyingi huondoka bila kulisema lililowaleta. Gharama ya ukimya huo huwa kubwa, na wakati mwingine ni uhai.

Maana ya maneno

Katika Kiswahili cha kitaalamu, neno jinsi hutumika kwa maumbile ya mwili: kiume au kike. Jinsia ni nafasi, tabia na utambulisho ambao jamii na mtu mwenyewe huambatanisha na maumbile hayo. Mtu anayejitambua kwa jinsia tofauti na jinsi aliyoandikiwa huitwa mtu aliyevuka jinsia, au transijenda. Disforia ya jinsia ni dhiki inayotokana na kutowiana huko. Si kila aliyevuka jinsia ana disforia, na ukubwa wa dhiki hutofautiana baina ya mtu na mtu, na baina ya msimu na msimu katika maisha ya mtu yuleyule.

Uelewa wa kitabibu umebadilika. Mwaka 2013, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliacha kuuita utambulisho wenyewe ugonjwa, kikaelekeza uchunguzi kwenye dhiki. Kwa mtu mzima au kijana, mwongozo wao unataka hali hiyo iwe imedumu kwa angalau miezi 6 na iwe inaleta mateso au inazuia maisha ya kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliiondoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya hali zinazohusu afya ya mahusiano ya kimwili. Toleo hilo linasisitiza jambo ambalo kila mtoa huduma analipaswa kulishika: tabia au mapendeleo yasiyo ya kawaida kwa jinsia fulani, yakiwa peke yake, hayatoshi kuwa msingi wa utambuzi. Msichana apendaye mpira na mvulana apendaye kupika hawana ugonjwa wowote.

Hali hii itofautishwe na nyingine nne. Kwanza, mwelekeo wa kimapenzi huhusu mtu anavutiwa na nani, ilhali utambulisho wa jinsia huhusu yeye mwenyewe ni nani. Pili, jinsi tata, ambayo watu wa pwani humwita mwenye nayo huntha, ni tofauti ya maumbile inayothibitishwa kwa uchunguzi wa mwili, vinasaba na homoni. Tatu, katika saikosia mtu aweza kudai kuwa amegeuzwa jinsi na majini au maadui, lakini dai hilo huambatana na dalili nyingine na hubadilika au kutoweka kwa tiba. Nne, kuna wanaosumbuliwa na kasoro ya kufikirika ya kiungo kimoja, kama vile pua au ngozi, bila swali lolote la jinsia.

Wahusika wa gemu na namna wanavyosomwa

Kumsoma mhusika ni kumpa maana. Msomaji wa fasihi hufanya hivyo kila siku, na mchezaji wa gemu hufanya hivyo kwa nguvu zaidi kwa sababu yeye ndiye anayemwendesha mhusika: akianguka, ni kidole chake kilichokosea. Wachezaji waliovuka jinsia wamewasoma wahusika kadhaa kama wenzao, na usomaji huo una daraja tatu zinazofaa kutofautishwa.

Daraja la kwanza ni la wahusika waliowekwa kwa kejeli. Mwaka 1988, kijitabu cha maelezo cha gemu ya Super Mario Bros. 2 kilimtaja mhusika aitwaye Birdo kuwa wa kiume anayejidhania wa kike, kwa lugha ya mzaha. Wapo waliomchukua Birdo kwa upendo licha ya mzaha huo. Lakini kijana anayekutana kwanza na mtu wa aina yake akiwa kichekesho hujifunza mapema kuwa na yeye atachekwa.

Daraja la pili ni la wahusika ambao watunzi hawakusema neno, ila wachezaji wameona. Katika Metroid ya mwaka 1986, shujaa Samus Aran hufunikwa na vazi la chuma mchezo mzima, na ni mwisho tu, kwa mchezaji aliyemaliza haraka, vazi linapovuliwa na kuonekana kuwa ni mwanamke. Katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998, binti mfalme Zelda hujificha kwa miaka 7 na hutokea kama Sheik, mpiganaji aliyefunika uso. Watunzi walikusudia mshangao au maficho. Wachezaji fulani waliona humo habari ya mtu anayeonwa na wote kwa umbo moja huku akijijua kwa jingine.

Daraja la tatu ni la wahusika waliothibitishwa. Bridget wa mfululizo wa Guilty Gear alitokea mwaka 2002 kama mvulana aliyelelewa kama msichana, kwa kuwa kijiji chake kiliamini kuwa mapacha wawili wa kiume huleta balaa. Imani za namna hiyo kuhusu mapacha si ngeni katika Afrika Mashariki. Katika toleo la Guilty Gear Strive, mwaka 2022, Bridget anatamka mwenyewe kuwa ni mwanamke. Mwingine ni Madeline wa Celeste, gemu iliyotoka Januari 2018, naye astahili maelezo marefu zaidi, kwani hadithi yake yakaribia sana kazi ya chumba cha ushauri.

Madeline ni kijana anayeamua kupanda mlima mrefu peke yake, akiwa na huzuni na mashambulio ya hofu asiyoweza kuyaeleza. Njiani, kioo kinamtoa nusu yake nyingine, yenye maneno makali, inayomwambia kila mara kuwa hawezi. Katika chombo kinachoning'inia juu ya bonde anashikwa na hofu kuu, na mwenzake wa safari anamfundisha kufikiri unyoya mbele yake, na kuupandisha na kuushusha polepole kwa pumzi. Hofu inatulia. Baadaye Madeline anajaribu mbinu hiyohiyo ili kuifukuza kabisa ile nusu yake, na nusu hiyo inaukata unyoya na kumtupa chini kabisa ya mlima. Anapanda tena pale tu anapokubali kuzungumza nayo, na wawili hao wanafika kileleni pamoja.

Wachezaji wengi waliovuka jinsia walijiona humo tangu mwanzo. Sura ya nyongeza ya mwaka 2019 ilionyesha chumbani kwa Madeline bendera ndogo ya waliovuka jinsia na chupa ya dawa. Novemba 2020 mtunzi mkuu, Maddy Thorson, alithibitisha kwa maandishi kuwa Madeline amevuka jinsia, na akaeleza kuwa wakati wa kuitunga gemu hakuwa amejua hivyo, si kwa Madeline wala kwa nafsi yake mwenyewe. Tabibu na azingatie hapo: mtunzi alisimulia dhiki yake kwa ukamilifu kabla ya kuwa na jina la kuiita. Wagonjwa wetu nao hufanya vivyo hivyo.

Faida ya usomaji huu kwa afya

Kuna mambo manne ambayo hadithi ya mhusika huweza kumpa mwenye disforia.

La kwanza ni maneno. Kijana aliyekulia mahali ambapo hali yake haina jina isipokuwa tusi, hupata mfano wa kuelekezea: niko kama yule. La pili ni umbali. Ni rahisi zaidi kusema kuwa Madeline anaogopa kioo kuliko kusema kuwa mimi sijakitazama kioo kwa mwezi mzima. La tatu ni zoezi. Katika gemu nyingi mchezaji huchagua umbo, sauti, mavazi na jina la mhusika wake, hivyo mtu huweza kujaribu kuitwa kwa jina analolitaka bila hatari ya barabarani. La nne ni mbinu halisi: ule unyoya ni namna ya kupumua polepole, ambayo hutuliza mapigo ya moyo na kuulegeza mwili ulioshikwa na hofu.

Faida hizo zina mipaka. Kuchagua mhusika wa jinsia nyingine si dalili ya kitu chochote kwa peke yake. Wavulana wengi huchagua wahusika wa kike, na wasichana wa kiume, kwa sababu mia moja. Mtoa huduma asiunde utambuzi kutokana na gemu, na mzazi asifanye hivyo kamwe. Hali kadhalika, umbo la kwenye skrini laweza kuongeza uchungu pale skrini inapozimwa. Na kwa mtu asiye na faraja nyingine, mchezo waweza kumeza usingizi, masomo na fedha. Toleo la 11 la Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa gemu pale mtu anaposhindwa kujizuia, akautanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na akaendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda wa angalau miezi 12.

Mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mafunzo wala haumhusu mtu yeyote halisi. Msomaji aangalie pia kuwa mfano wote umeandikwa bila kumtaja mgonjwa kuwa wa kike au wa kiume, na Kiswahili hakikuona taabu.

Mgonjwa mwenye miaka 19 anafika katika kituo cha afya cha Makambako kwa maumivu ya kichwa na kukosa usingizi kwa miezi mitatu. Kipimo cha malaria hakina vimelea, shinikizo la damu ni la kawaida. Amevaa koti zito lililofungwa hadi shingoni, jambo lisiloshangaza mwezi Julai katika nyanda hizi. Tabibu ni mama wa makamo.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Usingizi usipokuja, usiku unaupitishaje?"

"Nacheza gemu kwenye kompyuta ya binamu yangu. Gemu moja tu. Mtu anapanda mlima."

"Ni mtu wa namna gani huyo?"

"Ni mtu anayejikimbia. Kuna kioo kinamtoa yule mwingine."

"Na wewe ukimtazama, unamwona nani?"

Mgonjwa anakaa kimya. Tabibu hajazi ukimya huo.

"Najiona mimi, mama. Ila mimi sijui mlima wangu ni upi."

Tabibu huyu hakuuliza kama mhusika ni wa kike kweli au wa kiume kweli, wala hakuhubiri juu ya gemu. Aliuliza mgonjwa anaona nini. Kisha akaendelea na maswali ya kitabibu: hali hii ilianza lini, ni nini huizidisha, anakula vipi, anaye nani wa kuzungumza naye. Mwishoni akauliza waziwazi kama kuna nyakati mgonjwa hutamani asiamke. Mgonjwa akakubali kuwa zipo, ingawa hana mpango wowote. Wakaandika pamoja mpango wa usalama: dalili za mapema, mambo matatu ya kumtuliza, mtu mmoja wa kumpigia simu, ambaye ni yule binamu, na tarehe ya kurudi baada ya siku 7. Kwenye jalada tabibu aliandika kukosa usingizi na dalili za sonona, na akamweleza mgonjwa alichoandika. Mgonjwa alirudi siku ile ya 7. Kichwa kilikuwa bado kinauma, lakini alikuwa amelala usiku mara nne.

Kiswahili kama chombo cha tiba

Tabibu anayetumia Kiingereza au Kifaransa hana budi kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume katika karibu kila sentensi anayoisema juu ya mgonjwa. Kiswahili kimetuondolea mzigo huo: yeye ni yeye, na amekuja ni amekuja. Kibena na lugha nyingine za Kibantu zinazotuzunguka ziko vivyo hivyo. Mgonjwa aweza kusimulia maisha yake yote bila kulazimishwa kujitaja jinsia kabla hajawa tayari.

Mahali Kiswahili kinapobana ni katika kuitana. Kaka, dada, baba, mama, babu na bibi hutajwa kwa heshima kubwa katika foleni zetu, na kila moja ni hukumu ya jinsia. Mtu mwenye disforia anayeitwa kaka mbele ya watu arobaini huweza kuondoka kabla ya zamu yake. Dawa ipo ndani ya lugha ileile. Tunayo maneno ya undugu yasiyotaja jinsia: mwanangu, mjukuu wangu, mdogo wangu, mwenzangu, binamu. Tunalo pia neno ndugu, ambalo kizazi cha Azimio la Arusha la mwaka 1967 kilimwitia kila raia, mkubwa kwa mdogo. Kumwita mgonjwa kwa namba yake au kwa jina la ukoo hakuhitaji bajeti wala semina.

Jambo la karatasi nalo ni zito. Fomu zetu huuliza: Me au Ke. Kadi ya bima, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa hutolewa dirishani, na anayevitoa hupimwa kwa macho. Jirani zetu wa Kenya wana kesi inayofundisha. Audrey Mbugua, mwanamke aliyevuka jinsia, alilishtaki Baraza la Mitihani la nchi hiyo kwa kukataa kubadili jina katika cheti chake cha sekondari. Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru apewe cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Mtoa huduma wa Njombe hana mamlaka ya kubadili cheti cha mtu. Anayo mamlaka ya kutokisoma kwa sauti.

Hatua kwa mtoa huduma

1. Hakikisha faragha. Mlango ufungwe, na jamaa aliyemsindikiza mgonjwa aombwe kusubiri nje kwa muda.

2. Uliza mgonjwa angependa aitweje chumbani humo, na iwapo angependa jina hilo litumike au lisitumike mbele ya jamaa zake.

3. Sikiliza kwanza. Akitaja mhusika wa gemu, wa filamu au wa riwaya, uliza anaona nini kwake, anafanana naye wapi, na anatofautiana naye wapi. Swali la mwisho ni muhimu, kwani humrudisha mgonjwa katika maisha yake mwenyewe.

4. Pima sonona na wasiwasi. Dodoso la PHQ-9 lenye maswali 9 lina tafsiri ya Kiswahili. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru; lisirukwe. Kuuliza juu ya kujiua hakupandikizi wazo hilo, bali humpa mgonjwa ruhusa ya kulitua. Kumbuka kuwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, hivyo wagonjwa wengi huogopa kusema.

5. Uliza kwa upole juu ya mambo anayoufanyia mwili wake: kubana kifua kwa bandeji au khanga, kutumia vidonge vya uzazi wa mpango kama homoni, kununua dawa kwa watu wasiojulikana. Eleza hatari bila kukemea.

6. Usiahidi kumbadilisha. Hakuna ushahidi kuwa juhudi za kuubadili utambulisho wa jinsia kwa vitisho au ushauri wa kulazimisha husaidia, na zimehusishwa na sonona na kujidhuru. Mgonjwa mwenye imani yake asaidiwe kubaki nayo. Sala humfariji mtu, na si kazi ya tabibu kuigeuza kuwa adhabu.

7. Toa rufaa pale inapohitajika: kutoka zahanati au kituo cha afya hadi hospitali yenye huduma ya afya ya akili, na kwa hali ngumu zaidi hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, Muhimbili au Mirembe. Barua ya rufaa iandike dalili na hatari; maelezo ya utambulisho yaandikwe kwa ridhaa ya mgonjwa tu.

Usiri na sheria

Watoa huduma wengine huogopa kuwa kumsikiliza mgonjwa wa namna hii ni kuvunja sheria. Vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyotajwa mara kwa mara, kikiwamo cha 154, vinahusu matendo ya ngono. Maelezo ya mgonjwa juu ya namna anavyojitambua si tendo, na kutibu sonona, kukosa usingizi au mawazo ya kujiua ni wajibu wa kila mwenye leseni. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Siri ya mgonjwa ikitoka kituoni, katika mji ambamo watu hujuana kwa ukoo na kwa kanisa, yaweza kumfukuzisha nyumbani, kazini au shuleni, na kumweka katika hatari ya kupigwa. Kumsimulia mwenzako wa zamu bila sababu ya kitabibu, hata bila kutaja jina, ni kumtaja.

Kwa mgonjwa

Ndugu msomaji, ikiwa umejiona katika kurasa hizi, yafuatayo yaweza kukusaidia.

Pumua kwa utaratibu. Vuta pumzi polepole kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole zaidi ukihesabu hadi sita, na urudie kwa dakika tano. Zoezi hili hutuliza wimbi la hofu. Halikusudiwi kuifuta nafsi yako, nawe usijilaumu likikosa kufanya hivyo.

Jua kinachokuchokoza. Andika kwa wiki mbili saa na mahali dhiki inapozidi: kuoga, sare ya shule, kioo, simu ya mtu fulani, mwisho wa baridi watu wanapovua makoti. Dhiki inayojulikana saa yake hupangiwa matayarisho.

Usijitibu kwa homoni. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya ethinilestradioli vikitumiwa kwa wingi huongeza hatari ya damu kuganda miguuni na mapafuni, na hatari huzidi kwa mvutaji sigara. Ukipata uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, au kifua kubana na pumzi kukatika ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme umetumia nini.

Usibane kifua kwa bandeji wala kwa gundi ya plasta. Bandeji hukaza kila unapopumua na huweza kuumiza mbavu na ngozi. Fulana ya michezo inayokaa vizuri, chini ya sweta, ni salama zaidi. Usilale nayo, na ivue kila baada ya saa chache.

Weka mpaka wa gemu. Cheza saa uliyoipanga, zima angalau saa moja kabla ya kulala, na jiulize ukimaliza: nimepata nguvu ya kesho, au nimeikimbia? Ukikutana mtandaoni na watu waliovuka jinsia, usiwape picha ya uso, jina la shule wala mtaa wako hadi uwe na hakika nao; wapo wanaojifanya wenzako ili wakutoze fedha kwa vitisho.

Tafuta mtu mmoja. Si lazima umweleze kila kitu. Wengine huanza kwa kumwonyesha mtu gemu na kumuuliza anamwonaje yule mhusika. Jibu lake litakuonyesha kama mlango uko wazi.

Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usikae peke yako. Nenda kituo cha afya kilicho karibu saa yoyote. Aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto nchini.

Kwa wazazi na walezi

Mzazi anayegundua jambo hili kwa mwanawe hupatwa na mshtuko, aibu na hofu ya watu watasemaje. Hisia hizo si dhambi. Hatari ipo katika yanayofanywa saa ile ya kwanza: kipigo, kufukuza, kuvunja simu, kumtangaza mtoto mbele ya ukoo. Mtoto aliyefukuzwa Njombe usiku atafika stendi ya Makambako kabla ya alfajiri, mahali njia za Iringa, Mbeya na Songea zinapokutana, na kutoka hapo hakuna ajuaye ataangukia mikononi mwa nani. Mzazi si lazima aelewe kila kitu leo. Anachoweza kufanya leo ni kumwambia mwanawe kuwa chakula na kitanda chake vipo palepale, kisha kuomba muda wa kufikiri na kutafuta mtaalamu. Kukubaliwa nyumbani ni miongoni mwa kinga zilizo imara zaidi dhidi ya sonona na kujiua kwa vijana hawa.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa wa miaka 16 anasema humchezesha mhusika wa kike daima. Je, hilo latosha kwa utambuzi? Eleza.

2. Taja tofauti moja baina ya utambulisho wa jinsia na mwelekeo wa kimapenzi, na moja baina ya utambulisho wa jinsia na jinsi tata.

3. Taja maneno matatu ya heshima unayoweza kumwitia mgonjwa dirishani bila kutaja jinsia.

4. Mgonjwa anakubali kuwa hutamani asiamke. Taja hatua tatu utakazochukua kabla hajatoka chumbani.

5. Jamaa wa mgonjwa anakuuliza mgonjwa amekuambia nini. Utamjibuje?

Majibu yajadiliwe katika kikao cha mafunzo cha kituo. Swali la 4 lifanyiwe igizo na watoa huduma wawili wawili, kwa kuwa ndilo lisilosubiri kikao kijacho.